Wi-Fi Imeshika, Intaneti Haipo

Dawa ya kwanza ya Wi-Fi iliyogoma, kuanzia Mbezi hadi Kasarani, ni kuchomoa ruta kwenye umeme, kungoja kidogo na kuirudisha. Mara nyingi inasaidia, na kuna sababu. Ruta ni kompyuta ndogo yenye kumbukumbu ndogo. Ikikaa miezi bila kuzimwa, orodha zake za vifaa na za mawasiliano yanayopita ndani yake hurundikana, na programu yake huanza kukwama. Ikiwashwa upya inaanza bila mzigo wa jana: inachagua tena chaneli ya mawimbi, inaomba tena anwani kwa kampuni ya intaneti, inagawa tena anwani kwa simu na laptopu za nyumbani. Mambo manne yametengenezwa kwa pigo moja. Ubaya ni kwamba hujui lipi kati ya hayo lilikuwa bovu, na ushahidi umeufuta mwenyewe. Kesho jioni tatizo likirudi, uko pale pale.

Likirudi, kila utakayempigia ana sababu ya kulisukuma kwa mwenzake. Huduma kwa wateja watasema laini yako inasoma vizuri, kagua laptopu. Fundi atasema kadi ya Wi-Fi imekufa, na kadi anayo hapo hapo dukani. Aliyekuuzia laptopu ataapa kwamba ilipotoka kwake ilikuwa inashika. Si lazima yeyote awe anadanganya, maana kila mmoja anasema alichokiona kutoka upande wake. Ndiyo maana naona kuitafuta hitilafu ya Wi-Fi nyumbani ni kazi ya ushahidi kabla haijawa kazi ya ufundi. Mwenye ushahidi wa mahali palipokatika hanunui kadi asiyoihitaji, na hahami kampuni kwa kosa la ukuta wa sebuleni kwake.

Kutoka laptopu hadi tovuti kuna safari ya hatua kadhaa: kadi na programu zilizo ndani ya mashine, hewa ya chumbani, ruta, laini ya kampuni, kisha dunia ya nje pamoja na nyaya zilizolala chini ya bahari. Wi-Fi yenyewe ni ile hatua ya hewani tu, mita chache kati yako na ruta. Lawama za safari nzima hubebeshwa hatua hiyo moja, kwa kuwa alama yake ndiyo inayoonekana pembeni mwa kioo.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakihitaji kununua kitu. Kwenye Windows, andika cmd katika sehemu ya kutafutia na ufungue dirisha la amri. Andika ipconfig, kisha tafuta mstari wa "Default Gateway" chini ya sehemu ya Wi-Fi. Hiyo ndiyo anwani ya ruta yako. Nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na ruta za Huawei zinazotumia laini ya simu mara nyingi huwa 192.168.8.1. Fungua madirisha mawili ya amri, yaweke sambamba. Katika la kwanza andika ping -t na anwani ya ruta. Katika la pili andika ping -t 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google iliyo wazi kwa umma tangu 2009. Yaache yakimbie huku unaendelea na shughuli zako, na usisimamishe mpaka tatizo lenyewe litokee mbele yako.

Ruta iliyo chumba kimoja nawe hujibu kwa milisekunde chache, 2 au 4. Sasa soma madirisha yote mawili kwa pamoja. Yakianza kuonyesha 300, 700, halafu "Request timed out" kwa wakati mmoja, kosa liko kati yako na ruta: ni hewa, ni laptopu, au ni ruta yenyewe. Dirisha la ruta likitulia kwenye 3 huku la 8.8.8.8 likikatika, laptopu na Wi-Fi vimeachiwa huru, na anayepaswa kujibu ni kampuni, au pengine waya uliokatika mbali zaidi. Yote mawili yakitulia na bado tovuti hazifunguki, twende kwenye DNS, saa ya mashine na VPN, nitakakofika baadaye. Kuna na hali ya nne inayowachanganya wengi: ruta inajibu vizuri, 8.8.8.8 inapanda hadi 900 bila kukatika, na inashuka yenyewe baada ya dakika kumi. Hapo hakuna kilichoharibika. Kuna mtu ndani ya nyumba ambaye simu yake inapandisha picha na video za harusi kwenye hifadhi ya mtandaoni, njia ya kupakia imejaa, na kila ombi lako linasubiri foleni nyuma ya video hizo.

Tahadhari moja hapa. Baadhi ya ruta huyapa maombi ya ping nafasi ya mwisho zinapokuwa na kazi nyingi, kwa hiyo jibu moja la 200 katikati ya mia moja yaliyotulia si ushahidi wa kitu. Tazama mwenendo wa dakika tano au kumi.

Huenda usiikute anwani ya ruta kabisa, na badala yake laptopu ikawa na anwani inayoanza na 169.254. Maana yake iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Kwa ruta ndogo za mfukoni zinazotumia laini ya simu, sababu mojawapo huwa ni kwamba zina kikomo cha vifaa, mara nyingi 10, na nyumba yenye wageni, televisheni na simu mbili kwa kila mtu hukifikia bila kujua. Toa kifaa kimoja, kisha andika ipconfig /release na ipconfig /renew.

Kipimo cha pili ni simu yako. Washa hotspoti, unganisha laptopu. Ikishika vizuri hapo, laptopu haina kosa kubwa. Ikigoma na hapo, usiisumbue kampuni. Ila mara tu laptopu ikiungana na simu, nenda kwenye mipangilio ya muunganisho huo na uwashe "Metered connection", la sivyo Windows itaona intaneti mpya, ifurahi, ianze kushusha masasisho, na bando lako la wiki liishie kwenye kipimo.

Sasa lile fumbo linaloleta ugomvi kuliko mengine: simu inaiona Wi-Fi ya nyumbani, laptopu inaona za majirani wote lakini hiyo moja haioni. Watu huamua papo hapo kwamba laptopu ni mbovu. Kumbe mashine inayoona mitandao ya majirani ina kadi hai na antena zinazosikia. Inachokosa ni kuelewana na ruta hiyo moja.

Mshukiwa wa kwanza ni masafa. Ruta za leo hurusha kwenye 2.4 GHz na 5 GHz, na mpya zaidi huongeza 6 GHz. Laptopu nyingi za bei ya chini za miaka ya 2010 ziliwekewa kadi ya 2.4 GHz peke yake. Ikiwa aliyekufungia ruta alizima 2.4 kwa sababu ina msongamano, au akayapa masafa hayo majina tofauti na wewe unalijua la 5 tu, laptopu hiyo haitaliona jina hilo hata ukiiweka juu ya ruta. Andika netsh wlan show drivers na usome mstari wa "Radio types supported". Ukikuta 802.11b, 802.11g na 802.11n peke yake, karibu hakika kadi haifiki 5 GHz. Ukikuta 802.11a, ac au ax, inafika.

Mshukiwa wa pili anatuhusu hasa sisi tunaonunua mtumba. Kwenye 2.4 GHz, sehemu kubwa ya dunia hutumia chaneli 1 hadi 13, lakini Marekani vifaa vya nyumbani huishia 11. Laptopu iliyotengenezwa kwa soko la huko mara nyingi imewekwa isisikilize chaneli 12 na 13 hata kidogo. Mashine hizo hustaafu maofisini, husafishwa, na kuishia madukani Kariakoo na Luthuli Avenue zikiwa bado na mipangilio ya kwao. Ruta yako ikiwa imeachiwa ijichagulie chaneli, siku ikiona 13 iko kimya itahamia huko, na laptopu itapoteza jina la Wi-Fi kama halijawahi kuwepo. Utachomoa ruta, itawaka kwenye chaneli 6, na jina litarudi. Utaamini umeitibu, kumbe umebahatisha. Wiki ijayo itahama tena. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, ambao anwani yake ni ile ile ya "Default Gateway", na uifunge kwenye 1, 6 au 11.

Wa tatu ni usalama. Hapa laptopu inaliona jina lakini kila ukiweka nywila sahihi inakataliwa. WPA3, mfumo wa ulinzi uliotangazwa 2018, haueleweki kwa kadi na programu nyingi za kabla yake. Weka ruta kwenye hali ya mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, na kama haina hali hiyo, WPA2 inatosha kwa nyumba ya kawaida. Usirudi WEP, mfumo wa zamani zaidi, hata mtu akikushauri kwamba "hiyo inashika kila kitu". Ilivunjwa tangu 2001, na leo kijana mwenye subira ya dakika chache ataingia. Na ikiwa unaishi nyumba ya kupanga ambako mwenye ruta husajili kila kifaa kwa anwani yake ya kiwandani, angalia kwenye mipangilio ya Wi-Fi kama laptopu imewashiwa "Random hardware addresses". Ikiwa imewashwa, inajitambulisha kwa anwani ya kubuni ambayo haimo kwenye orodha ya mwenye nyumba.

Tuje kwenye hewa. Masafa ya 2.4 GHz hayana mwenyewe. Mwaka 1985 FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, iliruhusu teknolojia mpya za mawasiliano ziyatumie bila leseni, kwa sehemu kwa sababu yalikuwa yamekwisha kuchafuliwa na majiko ya microwave, yanayopasha chakula kwa mawimbi ya karibu 2.45 GHz. Kiwango cha kwanza cha 802.11 kilitoka 1997, na leo masafa hayo hayo yanabeba Wi-Fi, Bluetooth, vipanya visivyo na waya na vifaa vya kufuatilia watoto. Chaneli 13 zinasikika kuwa nyingi, lakini zimepangwa kwa umbali wa megahezi 5 tu kutoka moja hadi nyingine, wakati matangazo ya ruta moja huhitaji kama 20. Kwa hiyo zinazochaguliwa kwa kawaida ili zisiingiliane ni tatu: 1, 6 na 11.

Kwenye ghorofa za Pipeline, Embakasi, orodha ya mitandao kwenye kioo inaweza kuwa ndefu kuliko orodha ya wapangaji unaowajua. Andika netsh wlan show networks mode=bssid uone kila mmoja yuko chaneli gani. Ruta zilizo kwenye chaneli moja zina adabu ya barazani: mmoja akisema wengine hunyamaza na kusubiri zamu. Kasi inapungua, lakini mazungumzo yanafika. Anayeharibu ni jirani mjanja aliyejiwekea chaneli 3 au 4 ili kukwepa watu. Hawaelewi wa chaneli 1 na 6 kama watu wanaosema, anawasikia kama kelele, nao wanamsikia hivyo hivyo. Amejikwaza mwenyewe na majirani wa pande mbili. Ukikuta chaneli 1, 6 na 11 zote zimejaa, chagua ile ambayo mitandao yake ni dhaifu kwako, usitafute nafasi katikati.

Tiba halisi ya msongamano huo ni 5 GHz, yenye chaneli nyingi zaidi na mawimbi yasiyopita ukuta kirahisi. Udhaifu huo una faida yake mjini, kwa sababu mawimbi ya jirani nayo yanaishia kwake. Kuna mtego mmoja tu. Sehemu ya chaneli za 5 GHz, kuanzia 52, hutumiwa pia na rada, na sheria inaitaka ruta isikilize kwanza kwa dakika nzima kabla ya kurusha, na ihame mara moja ikihisi rada. Ukiishi karibu na uwanja wa ndege na Wi-Fi ya 5 GHz inapotea ghafla kisha inarudi, jaribu chaneli 36 hadi 48.

Kuta nazo. Nyumba za zamani za Mji Mkongwe wa Unguja na za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta ukikaribia nusu mita ya unene. Ni nyumba za baridi tamu mchana na ni kaburi la 5 GHz. Zege lenye nondo halina nafuu kubwa, na bati, kioo cha kujitazamia, friji na tangi la maji vyote hurudisha au kumeza mawimbi. Hata hivyo kosa kubwa kuliko ukuta ni mahali ruta ilipo. Fundi wa kampuni huifunga pale waya wake unapoingilia, kwa kawaida kwenye kona ya sebule nyuma ya televisheni, kisha familia huiacha hapo miaka mitano. Omba waya uongezwe mita chache siku ile ile ya kufungiwa, kwa sababu baadaye hakuna atakayerudi. Iweke katikati ya nyumba, juu ya kabati, mbali na televisheni.

Usikisie kama kuihamisha kumesaidia. Andika netsh wlan show interfaces ukiwa mezani, jikoni na chumbani, na uandike namba ya "Signal" kila mahali. Asilimia 50 hapo ni kama -75 kwa dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi, ambapo simu ya video huanza kugandaganda. Kila dBm 10 zinazopungua ni sehemu tisa za kumi za nguvu zimepotea, kwa hiyo kati ya 90 na 50 kuna tofauti kubwa kuliko vile asilimia zinavyoonyesha. Vile vifaa vya kurefusha Wi-Fi vinavyochomekwa ukutani vinasaidia kufika, si kwenda kasi: vya bei nafuu hupokea na kurusha kwenye chaneli moja, hivyo kila kipande cha data kinasafiri hewani mara mbili. Waya uliovutwa hadi ruta ya pili ni bora mara nyingi zaidi, hata kama unakatiza korido bila uzuri.

Laptopu yenyewe huwa na hatia mara chache kuliko inavyotuhumiwa, lakini inapokuwa nayo, mara nyingi ni baada ya kufunguliwa. Antena hazikai kwenye kadi. Kadi iko chini, kwenye ubao mkuu, na kutoka hapo nyaya mbili nyembamba sana, kwa kawaida moja nyeusi na nyingine nyeupe au ya kijivu, hupita ndani ya bawaba na kupanda hadi kwenye fremu ya kioo, ambako antena zimebandikwa kwa gundi. Zinashikamana na kadi kwa vifungo vya duara vya rangi ya dhahabu visivyozidi milimita 3, vinavyobanwa kwa kidole mpaka visikike vikilia "tik". Kazi kadhaa za ukarabati, kuanzia kioo hadi ubao, huhitaji vifunguliwe, na kimoja kisipobanwa vizuri, mashine inarudi nyumbani ikiwa imepona kioo na imeumia masikio. Dalili yake haifichiki: asilimia 85 ukiwa mita moja kutoka kwenye ruta, 20 upande wa pili wa chumba, wakati simu haijashuka hata kidogo. Ukimrudia fundi, kumwambia "Wi-Fi haifanyi kazi" ni kumwalika akuuzie kadi. Mwambie hivi: "Fundi, kabla ya kubadilisha kioo ilikuwa inashika mpaka jikoni. Sasa inashika hapa karibu na ruta tu. Naomba unifungulie tuangalie zile nyaya za antena." Fundi mwenye heshima atafungua mbele yako na kubana. Bawaba zilizolegea kwa miaka ya kufungua na kufunga nazo hukata nyaya hizo, na hapo Wi-Fi hubadilika kadiri unavyoinamisha kioo.

Kwa upande wa programu, kuna jambo watumiaji wengi wa Windows hawajaambiwa. Tangu Windows 8, ukibonyeza "Shut down" mashine haijizimi yote: huhifadhi hali ya mfumo pamoja na draiva kwenye diski, ili kesho iwake haraka. Draiva ya Wi-Fi iliyokwama jana inaamka ikiwa imekwama vile vile. "Restart" ndiyo inayoanza upya kabisa. Kwa hiyo mtu anayesema "nimezima na kuwasha mara tatu" anaweza kuwa hajaiwasha upya hata mara moja. Kadi ikitoweka kabisa kwenye orodha ya "Device Manager", zima, chomoa chaja, shikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, kisha washa. Ikirudi, ondoa ruhusa ya Windows kuizima kadi ili kuokoa umeme. Ruhusa hiyo iko kwenye sifa za kadi, sehemu ya "Power Management". Isiporudi, kifaa kidogo cha Wi-Fi cha USB kitakuambia kama kadi ndiyo iliyokufa, na kinaweza kubaki kuwa tiba.

USB hiyo hiyo inaweza kuwa adui. Mwaka 2012 Intel ilichapisha maelezo ya kiufundi yaliyoonyesha kwamba vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele ya redio inayoangukia kwenye 2.4 GHz. Diski ya nje yenye waya mfupi usiokingwa vizuri, iliyochomekwa ubavuni mwa laptopu, inaweza kuangusha Wi-Fi kila unapohamisha filamu. Anayelalamika kwamba mtandao unakatika "usiku tu" na aulizwe usiku huwa anachomeka nini.

Sasa hali inayobebwa na kichwa cha makala hii: alama ya Wi-Fi imejaa na Windows inasema "No internet". Maneno hayo yanatokana na jaribio dogo sana. Windows huomba ukurasa mmoja kwenye anwani ya msftconnecttest.com wenye maneno "Microsoft Connect Test". Isipoupata, inatangaza kwamba hakuna intaneti. Ikiwa ruta inatumia laini ya simu na bando limeisha, ndivyo itakavyosema, na hilo liangaliwe kabla ya mengine yote. Ikiwa ping 8.8.8.8 inajibu lakini ping google.com inasema haikuipata seva hiyo, tatizo ni DNS, yaani huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Weka 8.8.8.8 au 1.1.1.1 ya Cloudflare kwenye mipangilio ya muunganisho, kisha ipconfig /flushdns. Programu ya VPN iliyokwisha muda wake inaweza kuacha kufuli linalozuia kila kitu. Iondoe kabisa, usiizime tu.

Na saa. Laptopu kuukuu ambayo betri yake ndogo ya ubao mkuu imekufa hurudi nyuma miaka kadhaa kila inapokosa umeme kabisa. Tovuti karibu zote leo hutumia vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na mashine inayoamini kwamba ni 2015 itavikataa vyote huku ping ikienda vizuri kabisa. Kinyume chake kipo pia: tarehe 30 Septemba 2021 cheti cha mzizi kilichotegemewa na tovuti nyingi zinazotumia vyeti vya Let's Encrypt kilikwisha muda wake, na kompyuta zenye mifumo ya zamani isiyosasishwa zikaanza kuzikataa tovuti ambazo siku iliyotangulia zilikuwa zinafunguka.

Yaliyobaki yako nje ya nyumba. Amri ya tracert 8.8.8.8 hupanga vituo vya njiani: mstari wa kwanza ni ruta yako, wa pili na kuendelea ni wa kampuni na wa wanaoiuzia kampuni. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya na nchi jirani zikaamka na Wi-Fi zilizojaa na intaneti iliyozorota. Ruta zilizochomolewa siku hiyo zilichomolewa bure. Dalili moja ya hitilafu ya namna hiyo ni kwamba huduma zenye seva hapa hapa, zinazopitia vituo vya kubadilishana data kama KIXP ya Nairobi na TIX ya Dar es Salaam, zinaweza kuendelea kufunguka huku za ng'ambo zikikwama.

Kabla ya kuilalamikia kampuni kuhusu kasi, hakikisha mnatumia kipimo kimoja. Kifurushi cha Mbps 10 hushusha faili kwa megabaiti 1.25 kwa sekunde, si 10, na anayeona 1.2 kwenye kioo amepewa alicholipia. Kisha pima kwa waya: chomeka laptopu moja kwa moja kwenye ruta, au kwa adapta ya USB ikiwa haina tundu, zima Wi-Fi, watoe wengine mtandaoni. Kasi ya waya ikiwa nzuri na ya Wi-Fi mbaya, rudi kwenye chaneli na kuta. Ikiwa mbaya kwa waya pia, jibu la "kagua laptopu" limekwisha nguvu. Malalamiko huanza kwa kampuni yenyewe, upewe namba ya kumbukumbu. Yakikwama hapo yanaweza kufikishwa kwa mdhibiti wa mawasiliano, yaani TCRA kwa Tanzania au Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya. Ambatanisha picha tatu za kioo: ping ya ruta iliyotulia, ping ya 8.8.8.8 iliyokatika dakika zile zile, na kipimo cha kasi kilichofanywa kwa waya, tarehe na saa zikionekana kwenye kila moja.